Maumivu ya Kuazima

Kochi bovu halitengenezwi kwa maelezo ya mwenye kochi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya karakana ile, na aliyeitunga alikuwa mwanamke. Mteja alikuja na kiti chake juu ya mkokoteni, akaanza kueleza: kinalia hapa, kinabonyea pale, nadhani ni springi, hapana, nadhani ni mbao. Fundi yule mwanamke alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamgeukia mumewe na kumwambia neno moja tu.

"Kalia."

Mume alikaa, mzito kama gunia la chumvi. Aliinama kushoto, akainama kulia, naye mke akajilaza sakafuni chini ya kiti, sikio juu, macho ameyafumba. Akiinuka hapo, anajua. Mkanda wa pili umekatika. Mguu wa nyuma una ufa. Hakuwa akikosea, na ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Mama Springi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti.

Mumewe walimwita Redio, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu. Akila anasema, akifagia anasema, akipigilia misumari anatunga mashairi papo hapo na kuyaimba mpaka wapita njia wanayachukua:

*Vuta mkanda haraka, kiti kisije lalama,*
*mgeni akishafika, akae kama kwa mama.*

Aliimba yeye, lakini aliyevuta mkanda alikuwa mkewe. Na kuvuta mkanda wa kochi si lelemama. Unaupigilia upande mmoja wa fremu, unaushika kwa koleo upande wa pili, unaegemea nyuma kwa uzito wako wote mpaka ulie kama ngozi ya ngoma, ndipo mwenzako apige msumari. Kuna mafundi wenye vifua kama makabati ambao mikanda yao hulegea kabla mwaka haujaisha. Ya Mama Springi ilizeeka pamoja na mbao. Hilo lilikuwa fahari yake, na hakulificha.

Basi asubuhi moja, akiwa ameegemea nyuma, nyundo ya Redio ikiwa hewani, koleo likamponyoka mkononi. Mkanda ukarudi na kumchapa Redio kidole.

"Mke wangu! Kama ni talaka, si useme tu?"

Mama Springi hakucheka. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, mkono umeshika taya. Jasho lilimtoka ingawa asubuhi ile ilikuwa na baridi.

"Jino?" Redio akauliza.

"Si jino."

Walikwenda hospitali siku hiyo hiyo. Redio alibaki kwenye benchi la nje akiwaburudisha wagonjwa, mke akaingia peke yake. Alipomwona daktari moyo ukamtua: alikuwa mwanamke, tena kijana, wa umri wa binti yake, miwani imemshuka puani kwa uchovu. Mwanamke mwenzangu, alijiambia, huyu hatanihangaisha. Akaeleza yote. Uchovu ambao usingizi hauutoi. Taya. Uzito katikati ya mabega, kama mtu amemwekea kiganja pale na hataki kukitoa. Kichefuchefu. Pumzi inayokatika akipanda ngazi. Daktari aliandika mstari mmoja, akauliza kama bado anapata siku zake, akaandika dawa ya gesi.

Aliporudi tena, dawa ya gesi ikiwa imekwisha na uzito upo palepale, daktari alimwangalia kwa huruma ya kweli. Huruma hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

"Mama, una mawazo nyumbani?"

"Nani hana mawazo, daktari?"

"Ndiyo hayo. Mwili wa mama unabeba mambo mengi. Pumzika. Punguza wasiwasi."

Akatoka na vidonge vya usingizi. Mlangoni ilikuwapo picha kubwa ya kuwafundisha watu dalili za ugonjwa wa moyo: mwanamume mwenye sharubu, tai imelegea, amekishika kifua kwa mikono miwili, mdomo wazi. Mama Springi alimwangalia kidogo. Hakufanana naye hata chembe. Akaenda zake.

Wifi yake, dada mkubwa wa Redio aliyekuwa akiishi chumba cha pili uani, hakumpa nafasi ya kupumzika.

"Wifi, unadeka," alimwambia, akikamua nguo kama anazinyonga. "Umri wetu huu mwili unatafuta visingizio. Mimi nikiumwa nakunywa maji moto na kuendelea na kazi."

"Maji moto nimekunywa, wifi. Nimekunywa mpaka naogopa kuchemka."

"Basi ni kijicho. Mikanda yako imezidi sifa."

Mama Springi alicheka kwa ajili ya heshima. Kisha akainua ndoo ya nguo, na kabla haijafika kiunoni kile kiganja kikambana mgongoni, taya likakaza, dunia ikawa nyembamba. Ndoo ikaanguka. Wifi yake akaacha kukamua.

"Mbona midomo yako imekuwa hivyo?" akasema kwa sauti nyingine kabisa.

Mchana ule karakana haikufunguliwa. Mama Springi alikaa kwenye kochi la mteja, lenye kitambaa cha kijani, miguu juu ya kigoda. Redio alizunguka mbele yake kama kuku anayetafuta pa kutaga.

"Twende hospitali nyingine."

"Nako nitaulizwa kama nina mawazo."

"Mbona mimi hawakuniuliza?" Redio akasimama. "Unakumbuka mwaka jana? Nilipokula maharage ya kwenye mazishi nikasema kifua kinabana?"

Nani angesahau? Redio alifikishwa mlangoni akisema "kifua", na hata kiti hakukikalia. Walimkimbiza juu, wakamvua shati, wakamfunga nyaya kifuani na miguuni mpaka akafanana na jina lake. Moyo wako mzima, mzee, wakamwambia, hii ni gesi. Akarudi nyumbani akijamba kwa furaha na kusimulia kisa hicho mwaka mzima.

"Gesi yangu walidhani ni moyo," Redio akasema polepole, kama mtu anayelisikia neno lake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Na mimi wakasema ni gesi," mkewe akamalizia.

Walitazamana. Nje, mtu alipita na baiskeli akiimba *vuta mkanda haraka*. Mama Springi alimpima mumewe juu mpaka chini, mabega yale, tumbo lile, sauti ile inayofika upande wa pili wa barabara. Kisha akasema neno moja.

"Kalia."

"Nikalie nini?"

"Ugonjwa wangu. Kesho wewe ndiye utakayeumwa."

Redio alicheka, na alipoona hachekewi, akanyamaza. Kisha macho yakamwaka. Maishani mwake hakuna aliyewahi kumpa kazi iliyomfaa kama ile. Papo hapo alishika kifua kwa mikono miwili, akapanua mdomo, akapepesuka mpaka kwenye rundo la sponji na kuanguka juu yake.

"Nakufa! Waambieni wanangu…"

"Amka, wewe mzee. Huyo ni yule bwana wa sharubu wa kwenye picha. Mimi sijashika kifua hata siku moja."

"Sasa unaumwa wapi?"

Ndipo alipomfundisha. Alimkalisha, akasimama nyuma yake, akaweka kiganja katikati ya mabega yake na kukandamiza. Hapa. Zaidi. Zaidi ya hapo. Sasa fikiria kiganja hiki hakiondoki. Kinapanda hivi, kinapita shingoni, kinakuja kushika taya, unadhani ni jino lakini jino haliumi unapovuta mkanda na kupoa unapokaa. Halafu mate yanajaa mdomoni kama unataka kutapika. Halafu unatokwa na jasho, jasho la baridi, si la kazi. Halafu unaogopa, na hujui unachokiogopa.

Redio alisikiliza. Alijaribu kuyarudia, akakosea, akasahihishwa. Akarudia tena.

"Na hii ilianza lini? Daktari ataniuliza."

"Tuliposhona viti vya ule ukumbi."

Redio akageuka. Viti vya ukumbi walivimaliza kabla ya mvua. Sasa mvua zilikuwa zimekuja na kuondoka, na vumbi lilikuwa limerudi barabarani.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Nilisema, baba, leo mikono haina nguvu. Ukaniambia subiri, kuna kina cha shairi kimenipotea."

Hapo Redio akazimika. Alikaa na kiganja cha mkewe bado mgongoni mwake. Mama Springi alimwonea huruma, maana kimya hakikumzoea mtu yule. Kilimkaa vibaya kama koti la kuazima.

"Haya," akamwambia. "Anza tena. Na usitie chumvi."

Siku ya pili waliingia kwa daktari wote wawili, mume mbele, mke nyuma. Daktari alikuwa yuleyule, miwani palepale. Alimtupia Mama Springi jicho la salamu na kupita, hakumkumbuka. Redio akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, kiti kikalia. Mkanda wa kushoto umekufa, Mama Springi aliwaza, na kila anayekaa hapa anakiumiza.

"Karibu, mzee. Unasumbuliwa na nini?"

Redio akaanza vizuri. Kiganja mgongoni. Taya. Jasho la baridi. Kalamu ya daktari ikakimbia. Lakini alipoona jinsi anavyosikilizwa, jinsi mwanamke aliyesoma amemkodolea macho kwa makini, damu ya usanii ikampanda.

"Na masikio pia, daktari, yananivuma kama nyuki. Na kidole hiki cha mguu…"

Mama Springi akamfinya ubavuni.

Daktari akainua kichwa na kumgeukia. "Mama, wewe ndiye unayeishi naye. Hebu niambie, umeona nini?"

Na hapo, ndani ya chumba kilekile, mbele ya meza ileile, Mama Springi akafungua kinywa na kusema. Hakuongeza, hakupunguza. Uchovu ambao usingizi hauutoi. Uzito katikati ya mabega. Taya linalokaza akifanya kazi ya nguvu na kulegea akikaa. Kichefuchefu. Pumzi inayokatika kwenye ngazi. Yalikuwa maneno yaleyale aliyoyaleta hapo akiwa peke yake, yamevalishwa suruali tu. Daktari aliandika kila neno. Alijaza ukurasa, akaugeuza. Aliuliza maswali, na kila jibu likamzalia swali jingine: na akilala chali? Na je, huamka akihema? Mama Springi aliitazama kalamu ile ikienda. Ilikuwa inajua kuandika kumbe.

"Umefanya vizuri sana kumleta," daktari alisema, akisimama. "Wanaume hawa wanapuuza miili yao mno. Mpandishe juu sasa hivi wakampime moyo. Msisubiri foleni, onyesheni karatasi hii."

"Ahsante, binti yangu," Mama Springi akasema. Sauti ilikuwa inamtetemeka, na daktari akadhani ni kwa ajili ya mume.

Chumba cha vipimo kilikuwa ghorofani. Ngazi zile Redio alizipanda akinong'ona kwa furaha, "Umeona? Umeniona nilivyokuwa?", na alipofika juu akagundua anasema peke yake. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya ngazi, ameshika reli. Alimteremkia, akampitisha mkono kiunoni, wakapanda pamoja kimyakimya.

Mpimaji, bwana mwenye upara unaong'aa, alisoma karatasi na kunyoosha kidole. "Mzee, vua shati, panda kitandani."

"Sivui."

"Unaona haya?"

"Shati langu halina ugonjwa, na aliye ndani yake pia hana. Mgonjwa ni huyu."

"Karatasi inasema mwanamume."

"Karatasi imesema. Sasa mwangalie mtu."

Mpimaji alitaka kukasirika. Mtu hapotezi muda wa mashine kwa mzaha. Lakini alimwangalia mtu. Mama Springi alikuwa ameegemea mlango, midomo imepauka, mkono umeshika taya, na jasho limemlowesha ukosi. Karatasi ikaanguka juu ya meza.

"Mama, lala hapa. Polepole. Bwana, mshike huku."

Alimfunga nyaya. Mashine ikaanza kutapika ukanda wake wa karatasi wenye milima na mabonde, na mpimaji akausoma ungali unatoka. Hakusema gesi. Alifungua mlango, akatoka mbio, na Redio, aliyekuwa akimshika mkewe mkono, akasikia viatu vyake vikishuka ngazi kwa kuruka.

Daktari aliingia akihema. Akaushika ukanda ule, akautazama, akamtazama Redio.

"Mzee, kwa nini umesimama? Lala chini haraka!"

"Amelala," Redio akajibu, akaonyesha kitanda.

Daktari alitazama kitanda. Akatazama nyaya zilikoishia. Uso wake ulipita rangi kadhaa, na ya kwanza ilikuwa hasira.

"Mmenidanganya!"

"Hakuna neno la uongo nililokuambia, binti yangu," Mama Springi alisema pale alipolala. "Nilibadilisha mwenye mwili tu. Ukiondoa masikio. Masikio aliyaongeza yeye."

Redio akainamisha kichwa.

Daktari akamgeukia mgonjwa. Alimwekea dawa chini ya ulimi, akaagiza sindano, akaagiza kitanda wodini, na mikono yake ilikuwa myepesi na yenye uhakika. Kazi aliijua, hilo Mama Springi aliliona na kulikubali kama fundi anavyomkubali fundi. Ni baada ya yote hayo, kile kiganja kilipoanza kulegea mgongoni, ndipo akavuta kigoda na kukaa.

"Nimewahi kukuona," akasema. Halikuwa swali.

"Mara mbili."

"Nilikupa nini?"

"Dawa ya gesi. Halafu ya usingizi."

Daktari akavua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Hii," akasema, akigusa mahali kwenye ukanda, "ni kovu. Sehemu ya moyo wako imekufa, mama, na haikufa leo. Leo ilikuwa inataka kuchukua na nyingine. Tumewahi. Ukitumia dawa utaishi, tena sana. Lakini siku ile ungelikuja… siku ile ulipokuja…"

"Kazi yangu ni kuvuta mikanda," Mama Springi akasema.

Daktari hakuelewa, ikabidi Redio aeleze: koleo, kuegemea nyuma, uzito wote. Alieleza kwa maneno machache, jambo ambalo lingewashangaza majirani. Daktari akatikisa kichwa taratibu. Hapana. Hiyo basi.

Mama Springi aligeuza uso ukutani. Hakulia kwa kuogopa kufa. Kufa alikuwa ameshakuzoea tangu mvua. Alililia koleo. Alililia ule mlio wa mkanda unapokubali, mlio ambao mikono yake ilikuwa ikiupata na hakuna mikono mingine mtaani iliyoupata. Maneno yalikuwa yaleyale. Yangesikika siku ya kwanza, pengine koleo lingebaki mkononi mwake.

"Nisamehe," daktari alisema nyuma yake.

Alichelewa kujibu, na hakuona sababu ya kuwahi. "Nitakusamehe," akasema mwishowe. "Si leo. Leo sikiliza. Huko benchini yupo mama mwenye kitenge cha manjano. Asubuhi alikaa karibu yangu, akasema anaumwa bega na anachoka. Usimuulize kama ana mawazo."

Daktari akavaa miwani, akatoka. Na safari hii ngazi alizishuka kwa kukimbia yeye.

Mama Springi alipotoka hospitali, kochi la kijani lilikuwa bado linamsubiri, mwenyewe akilalamika kila siku mlangoni. Wifi yake alikuwa ameshafagia karakana na kuchemsha maji, safari hii ya kuoga. Alimkalisha kwenye kiti na kuzuia kila kitu asikiguse, hata mkasi.

"Wifi, mkasi si mkanda."

"Nyamaza, wewe. Deka. Nimekuruhusu."

Redio alilivuta kochi katikati ya chumba. Kwa mazoea akajiandaa kukaa, kisha akasita, maana mkewe hakuweza tena kulala sakafuni. Wakatazamana. Mama Springi akanyanyuka, akaenda, akalikalia yeye.

"Chini," akamwambia.

Redio akajibwaga sakafuni kwa kishindo, akaingiza kichwa chini ya kochi. Mkewe akainama kushoto. Akainama kulia.

"Naona ni springi," sauti ikatoka chini. "Au mbao. Tena hapa pana buibui, mke wangu, ana nyumba nzuri kuliko yetu, nimepata kina…"

"Mume wangu."

"Naam."

"Umeambiwa usikilize."

Sauti ikakatika. Mama Springi akafumba macho, akainama tena, polepole, kushoto. Kochi likalalama kidogo. Chini hapakusikika neno. Akangoja. Akainama tena.

"Wa tatu," Redio akanong'ona baada ya muda mrefu, kama mtu aliyeona mnyama mwoga porini. "Mkanda wa tatu. Umechanika ubavuni, bado haujakatika."

"Toka," mkewe akasema. "Chukua koleo. Nitakuonyesha unavyovutwa."